Tangazo Limewekwa Facebook. Je, Kizingitini Limefika?

Majuzi ofisi moja ya serikali hapa Lamu ilitangaza mkutano wa maoni ya bajeti kwenye ukurasa wake wa Facebook. Tangazo lenyewe lilikuwa picha ya barua ya Kiingereza, yenye herufi ndogo na muhuri chini. Nilimwonyesha ami yangu, mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, ambaye simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vibonye. Aliisogeza simu yangu mbali, akairudisha karibu na macho, kisha akauliza, "Wasemaje hawa?" Mkutano ulikuwa umeshapita siku mbili.

Siwezi kusema mitandao haina kheri. Kaunti yetu ni ya visiwa. Barua ya kwenda Faza au Kiunga husubiri boti, na kusi ikichafuka boti hazitoki. Onyo la upepo mkali likiingia alfajiri kwenye kundi la WhatsApp la wavuvi, watu hawang'oi nanga. Wana wetu walioko Mombasa na Uarabuni nao hupata habari za nyumbani. Na ahadi ya zahanati ikishaandikwa hadharani, kuikana ni vigumu.

Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 95, yataka kaunti itumie njia zinazowafikia watu wengi zaidi, na imetaja redio za jamii na mikutano ya hadhara sambamba na tovuti. Lamu twajua uzito wa jambo hili. Juni 2019 mahakama ya kitaifa ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Afisa akija leo na picha ya ukurasa wake kuthibitisha kwamba umma ulijulishwa, ataturudisha kulekule.

Kinachoniuma zaidi ni maswali kuachwa bila jibu. Mama mmoja aliuliza chini ya tangazo chanjo ya watoto ni siku gani. Wiki nzima kimya, na huku picha za mkubwa akikata utepe zaongezwa.

Waendelee kuchapisha, tena kwa Kiswahili, na sauti fupi za WhatsApp ziwepo. Ila tangazo lihesabiwe limetolewa siku litakaposomwa pia gatini na msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Ami yeye aomba apewe wiki mbili kabla, maana mara nyingi huwa dagoni, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani.