Utao darasani: tuanze na maisha ya kila siku au na hekalu?

Mwaka 2013, kozi ya falsafa ya kale ya China iliyofundishwa na Profesa Michael Puett pale Chuo Kikuu cha Harvard ilishika nafasi ya tatu kwa wingi wa wanafunzi, ikitanguliwa na uchumi na kompyuta tu. Mamia ya vijana walijazana ukumbini kusikia habari za Confucius, Laozi na Zhuangzi, na mwalimu wao aliwaambia waziwazi kwamba wakiyachukua mawazo hayo kwa dhati, maisha yao yatabadilika. Mvuto wa namna hiyo unaibua ubishi wa siku nyingi kati ya wanaofundisha dini: je, mwanafunzi aingizwe kwenye Utao, yaani mapokeo ya China ya kuifuata Tao ("Njia") yanayohusishwa na Laozi na Zhuangzi, kwa mlango wa matumizi yake ya kila siku, au kwa mlango wa hekalu, yaani ibada na jumuiya zake?

Wanaoanza na matumizi wana hoja nzito, kwa sababu maandiko yenyewe yamejaa watu wa kazi za mikono. Katika kitabu cha Zhuangzi yumo mpishi Ding, anayepasua ng'ombe mbele ya mtawala wake. Mkata nyama wa kawaida, anasema Ding, hubadilisha kisu kila mwezi kwa kuwa anagongagonga mifupa. Hodari hubadilisha kila mwaka. Chake kina miaka 19, kimepasua maelfu ya ng'ombe, na bado makali yake ni kama yametoka kwenye jiwe la kunolea sasa hivi, maana yeye hukipitisha katika nafasi zilizopo kati ya viungo. Mtawala anamjibu kwamba kwa maneno hayo amejifunza jinsi ya kuitunza nafsi na uhai wake. Kwa hiyo anayesema kwamba Utao unafaa jikoni na kazini hajautungia jambo jipya. Kijana akiisoma hadithi hii anaelewa wu wei, yaani kutenda bila kulazimisha, upesi kuliko kwa mhadhara wowote.

Tatizo ni kwamba hata hadithi hiyo mara nyingi hufundishwa nusu. Ding anasema pia kwamba ilimchukua miaka mitatu ndipo akaacha kumwona ng'ombe mzima mzima, na kwamba hata sasa akifika penye kiungo kilichosokotana hutahadhari, hukaza macho, husogeza kisu polepole mno. Ukiiruka sehemu hiyo, wu wei inageuka ruhusa ya kukaa tu na kuacha mambo yajiendee. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna mtego wetu hapa, kwa kuwa "haraka haraka haina baraka" inatujia mdomoni mara moja na tunadhani tumemaliza. Ding anazungumzia ustadi uliokolea mpaka ukaingia mwilini, na uangalifu usiolala hata baada ya miaka 19.

Daodejing, kitabu kinachonasibishwa na Laozi, nayo hupunguzwa vivyo hivyo. Ina sura 81, na darasani hupendwa sura ya 8, inayosifu maji yanayonufaisha kila kitu bila kushindana, na ya 11, isemayo kwamba manufaa ya chungu yamo katika uwazi wake. Sura ya 65 huachwa. Humo tunasoma kwamba watawala wema wa kale hawakuwaerevusha watu bali waliwaacha katika ujinga, kwa sababu watu wenye maarifa mengi ni vigumu kuwatawala. Mwanafunzi ana haki ya kukutana na sura hiyo na kubishana nayo. Akinyimwa, anapewa kitabu cha kumtuliza, hali wasomaji wake wa kwanza walikuwa pia na maswali ya utawala na vita.

Upande wa pili, ule wa hekalu, unaanzia mwaka 142, ambapo kwa mujibu wa mapokeo Zhang Daoling alitokewa na Laozi aliyetukuzwa kuwa mungu, katika milima ya Sichuan. Jumuiya iliyotokana naye iliitwa Njia ya Pishi Tano za Mchele, kwa ajili ya mchango uliotolewa na waumini. Mgonjwa aliungama makosa yake, na maombi yakaandikwa kwa wakuu watatu: wa mbingu, wa ardhi na wa maji. Jumuiya hiyohiyo iliikariri Daodejing kama andiko takatifu. Kwangu jambo hili linapunguza sana nguvu ya mgawanyo waliotuachia wamisionari wa karne ya 19 kama James Legge, wa falsafa safi ya zamani na dini iliyoharibika baadaye. Urithi huo haujafa. Utao wa leo una matawi mawili makuu: mapadri wa Zhengyi wanaoa na kuendesha ibada katika jamii zao. Watawa wa tawi la pili, Quanzhen, hawaoi, na wanaishi katika nyumba za watawa kama ile ya Wingu Jeupe mjini Beijing.

Lakini njia ya hekalu nayo ina hasara yake. Ikianza peke yake, mwanafunzi wa miaka 18 anazama katika majina ya miungu na nasaba za wafalme, na Watao wanabaki kwake watu wa ajabu wa mbali, wasio na la kumwambia.

Ipo hoja moja ya kisheria ambayo haipewi uzito unaostahili. Katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp ya mwaka 1963, Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku usomaji wa Biblia wa kiibada katika shule za umma, lakini ikakubali dini isomwe kama sehemu ya elimu. Kwa kipimo hicho, mwalimu wa shule ya umma anayeongoza zoezi la kupumua ili darasa liungane na Tao yuko karibu zaidi na ibada kuliko anayeeleza maombi ya Zhang Daoling yalivyoandikwa. Njia inayodhaniwa kuwa nyepesi ndiyo inayomwomba mwanafunzi aamini.

Ningekuwa napanga kozi, ningeanza na Ding, hadithi yote. Somo linalofuata lingekuwa sura ya 65 pamoja na zile pishi tano za mchele, kabla darasa halijazoea kudhani kwamba Utao ni jina jingine la utulivu.