Konea Ikivimba Baada ya Kutolewa Mtoto wa Jicho: Matone Yatatosha?

Mgonjwa ametolewa mtoto wa jicho, lenzi ya bandia imekaa sawasawa, lakini bado anaona ukungu. Mara nyingi tatizo haliko kwenye lenzi bali mbele yake: konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, imevimba. Katika siku za mwanzo hilo ni jambo la kawaida, na kwa wengi huisha lenyewe ndani ya wiki chache. Ubishi huanza pale ukungu unapogoma kuondoka. Je, mgonjwa aendelee kupewa dawa, au apangiwe kupandikizwa konea?

Ubishi huo unahusu tabaka moja jembamba la seli lililo upande wa ndani wa konea, liitwalo endotheli. Kazi yake ni kusukuma maji nje ili konea ibaki angavu. Mtu mzima huwa na seli hizo zipatazo 2,000 hadi 3,000 kwa kila milimita ya mraba. Zikifa, mwili hauzalishi nyingine za kutosha. Zilizobaki hutanuka tu kuziba pengo. Wakati wa upasuaji, mawimbi ya sauti yanayovunja mtoto wa jicho, mikondo ya maji na vipande vigumu vya lenzi huua baadhi yake. Idadi ikishuka hadi karibu 500, konea huanza kujaa maji, na baadaye malengelenge hujitokeza juu yake. Yakipasuka, maumivu yake si ya mchezo.

Dawa iliyozoeleka ni matone au malhamu ya chumvi ya asilimia 5. Huvuta maji kutoka tabaka la juu, na nafuu yake huonekana zaidi asubuhi, kwa kuwa usiku kope zikifumba maji hayapati pa kukaukia. Ni sawa na kuchota maji kwenye mtumbwi unaovuja: unaelea, ila tundu liko palepale. Steroidi husaidia pale uvimbe unapoambatana na mchomo ndani ya jicho, lakini kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho, na presha hiyo huzidi kusukuma maji ndani ya konea. Hata dawa za kushusha presha si zote salama. Dozolamidi huzuia kimeng'enya ambacho endotheli yenyewe hukitegemea katika kusukuma maji, hivyo hutolewa kwa tahadhari kwa mwenye seli chache.

Matumaini mapya yako kwenye dawa zinazozuia Rho-kinasi, kimeng'enya kilichomo ndani ya seli: ripasudili, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2014, na netarsudili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Zote mbili ziliidhinishwa kwa ajili ya glakoma, ugonjwa wa neva ya jicho unaohusishwa na presha ya jicho. Wanaotetea zitumike pia kwa konea iliyovimba wanasema katika maabara huzisaidia seli za endotheli kushikamana, kusambaa na kutokufa upesi. Wanaongeza kuwa konea za kupandikiza ni adimu, zinaweza kukataliwa na mwili, na tone moja la dawa halimfungii mgonjwa mlango wa upasuaji baadaye. Hoja hizo zina uzito.

Wapinzani nao wana hoja ambayo mimi naiona ngumu zaidi kuikwepa: ugonjwa ambao mara nyingi hupona wenyewe huipa kila dawa sifa njema. Ukimpa mtu matone wiki ya kwanza, konea ikanywea wiki ya nne, nani amefanya kazi? Bila kundi la kulinganisha, hatujui. Tena konea kupungua unene si ushahidi kwamba seli zimeongezeka. Pia kuna madhara: jicho huwa jekundu, na netarsudili huweza kuleta uvimbe wenye umbo la sega la nyuki kwenye tabaka la juu la konea ileile tunayotaka kuiponya.

Kwangu, swali la maana ni seli ngapi zimebaki. Zikiwepo za kutosha, kujaribu matone ni busara. Zikiwa zimekwisha, hakuna cha kuamsha. Hata watafiti wa Kyoto wakiongozwa na Shigeru Kinoshita hawakutegemea dawa peke yake. Walichanganya kizuizi cha Rho-kinasi na seli zilizokuzwa maabara, wakazidunga ndani ya jicho. Matokeo ya wagonjwa 11 yalichapishwa mwaka 2018, na mwaka 2023 Japani iliidhinisha tiba ya aina hiyo.

Ninachokiogopa ni matone yanayoandikwa mwezi baada ya mwezi bila tarehe ya kusimama. Konea iliyovimba muda mrefu hupata makovu, na hata ikipandikizwa endotheli mpya, uoni huenda usirudi kikamilifu. Na kabla ya chupa yoyote kufunguliwa, daktari anapaswa kuhakikisha kuwa utando wa Descemet, ambao endotheli imeshikamana nao, haujabanduka. Ukibanduka sana, kinachohitajika kwa kawaida ni kiputo cha hewa au gesi cha kuurudisha mahali pake, na hapo matone ya chumvi yatakuwa yanapoteza muda wa mgonjwa.