Nilimbusu Nyigu Nikidhani Nzi

Kabla hamjaisikiliza ile klipu ya Shazili kwenye grupu, nisikilizeni mimi mwenye mdomo. Eti nililia. Muongo. Machozi yalitoka yenyewe.

Mnajua nafuga funza wa kulisha kuku kwenye ndoo za mabibo hapa Mikindani. Mama yao ni yule nzi askari mweusi, ncha za miguu nyeupe kama kavaa soksi, anajitia unyigu kumbe hana mwiba. Hata kiuno ni cha kuazima: tumboni, kwenye pingili za mwanzo, ana madoa angavu kama vioo, mwanga unapenya, unadhani kakatika pale.

Basi Bi Somoe kapita, kawaona, karuka na kanga yake. Nikapanda jukwaani. "Mama, hawa ni Diptera, mabawa mawili tu. Nyigu ni Hymenoptera, ana manne. Mwanasayansi Linnaeus katenganisha makundi hayo toka 1758. Wewe hesabu mabawa, basi!"

Mmoja akatua ukingoni mwa ndoo, analamba maji ya mabibo. Nikahesabu: mawili. Nikamnyanyua kwa vidole viwili. Shazili keshatoa simu. (Rafiki wa hivyo mnamtoa wapi?)

"Tazama mama, nambusu."

Nikamsogeza polepole, kwa madaha. Kwenye pua hapa nikakiona kiuno. Chembamba, uzi. Nikajisemea, kiinimacho hicho. Akasogea tena. Nikaona mwanga. Lakini mwanga haukupenya kiunoni, ulipita pembeni yake, na nyuma nikauona mnazi wa jirani mzima mzima. Tumbo likaanza kujikunja kama mkia wa nge. Akili ikasema rudisha mkono. Mdomo ulishachongoka.

Nyigu si nyuki, jamani, mwiba haumtoki. Akarudia.

Na hili nalijua, ndilo linaloniuma zaidi: bawa la nyuma la nyigu limeshikwa na la mbele kwa vindoano vidogo, manne yanaonekana mawili. Na mabibo wote wanayapenda, mwenye mwiba na mwigaji wake, ndoo moja. Ningetazama soksi tu!

Barafu, kitunguu, siku mbili za uji kwa mrija. Kuku wazima.

Jana Bi Somoe kaja kunijulia hali, kaketi, kanitazama mdomo kwa huruma kabisa.

"Pole mwanangu. Sasa yule alikuwa na mabawa mangapi?"