Sikuwa Nafanya Zinguo, Nilikuwa Naiamsha Rilei

Ndugu zangu, kuna video ya sekunde 40 inayomwonyesha mtu mzima aliyevaa kanzu, amesimama juu ya mnara wa tangi la maji, akimimina chumvi ndani ya tangi huku midomo ikimchezacheza. Naomba niseme mapema kwamba mtu huyo ni mimi. Aliyeirekodi ni fundi mwenzangu, ambaye nilimwalika mwenyewe aje ale pilau, na alikwisha kuisambaza kwenye kundi letu la mafundi umeme kabla sijateremka ngazi, akaongeza kwa hisani yake kwamba nilikuwa nimepigwa shoti nikaanza kuzungumza na mizimu. Sikupigwa shoti. Rilei ya kina cha maji, yaani kifaa cha umeme kinachozima na kuwasha pampu kwa kuyahisi maji kupitia fimbo za chuma, huzipa fimbo zake volti chache tu za mkondo geu, na fundi huyo analijua hilo vizuri kuliko anavyojifanya. Midomo nayo ilikuwa ikicheza kwa sababu nilikuwa najitukana.

Nyumbani kwa wakwe zangu, Kigamboni, kuna tangi la plastiki la lita 2,000 juu ya mnara na jingine kubwa zaidi lililokaa chini, na pampu ndogo huyapandisha maji kutoka la chini kwenda la juu. Boya la zamani lilipokwama na pampu ikakesha ikimwaga maji uwanjani, mimi, kwa kutafuta sifa kwa mama mkwe, nilitangaza kwamba zama za boya zimepita. Nilinunua rilei, nikanunua kontakta, yaani swichi nene inayoamrishwa na rilei, ya kubeba mzigo wa pampu, maana viguso vya rilei ni vidogo na huungua mapema vikibebeshwa mkondo wa kuwashia mota, kisha nikakata fimbo tatu za chuma kisichoshika kutu. Ndefu kuliko zote ndiyo ya pamoja, ya kati hutoa habari kwamba maji yamepungua, na fupi hutoa habari kwamba tangi limejaa. Maji yakiigusa ile fupi, mkondo hupita majini hadi kwenye ile ndefu, rilei ikazima pampu, nayo haiwashi tena mpaka maji yashuke chini ya fimbo ya kati. Maji yakiwa baina ya fupi na ya kati, rilei hushikilia uamuzi wake wa mwisho, ili pampu isiwake na kuzima kila mtu anaponawa mikono. Nilimweleza mama mkwe haya yote kwa kuchora mchangani kwa kijiti, akaniita injinia. Neno hilo lilinikaa vibaya kichwani.

Sasa mnisikilize kwa makini hapa, kwa sababu kosa lote limelala katika sehemu hii. Rilei ile ina kidude cha kuzungusha kwa bisibisi, kilichoandikwa kuanzia kilo-omu 5 hadi 100, nacho ndicho kinachoamua usikivu wake, yaani ukinzani wa maji, ule ugumu wao wa kupitisha umeme, ufike hadi kiasi gani na rilei bado iyahesabu kuwa ni maji; namba ikiwa kubwa, sikio ni kali. Siku ya kwanza nilikiweka kwenye 100. Kulipokucha pampu ikagoma kuwaka ilhali tangi ni tupu, kwa sababu kofia iliyozishika fimbo ilikuwa imelowa matone ya maji ya chumvi, na unyevu ule mwembamba ulitosha kuidanganya rilei kwamba tangi limejaa. Fundi mwenye akili angeifuta ile kofia kwa kitambaa. Mimi nilikirudisha kidude chini kabisa, kwenye 5, na kila kitu kikatulia, kwani maji ya kisima cha pale yana chumvi hadi sabuni inakataa kutoa povu, na hata rilei iliyo nusu kiziwi inayasikia. Nilifunga kasha kwenye ukingo wa mnara, likiwa na kifuniko kinachoonyesha ndani, na swichi ya pampu nikaiweka humo humo, kisha nikalikaza kwa skrubu nne ili watoto wasichezee. Zikumbukeni skrubu hizo.

Jambo ambalo sikuambiwa ni kwamba masika yalipoanza, baba mkwe, kwa busara za mtu anayelipa umeme wa pampu ya kisima, aliziunganisha gata za bati na tangi la chini, akakipumzisha kisima. Kwa haki, nani angefikiri kwamba fundi umeme anapaswa kuarifiwa habari za gata?

Jumamosi iliyopita wakaja washenga kumposa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini asubuhi mbingu zilikuwa nyeupe, na turubai la wageni nililifunga mimi. Kamba mbili nilizifunga kwenye mwembe na mbili kwenye mnara wa tangi, chini kabisa ya mdomo wa bomba linalotoa maji ya ziada, kwa kuwa mimi ndiye niliyeahidi kwamba bomba lile halitatoa tone tena maisha. Jikoni walikuwa wakiosha mchele na masufuria tangu alfajiri, kwa hiyo maji ya juu yalishuka chini ya fimbo ya kati, na ilipokaribia saa tano nikaisikia pampu ikiwaka. Nilimgusa fundi mwenzangu kiwiko nikamwambia, "Umeisikia hiyo? Hakuna aliyenyanyua mkono."

Mshenga mkuu, mzee mwenye sauti nzito na kofia nyeupe ya kufumwa kwa mkono, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusema kwamba wameliona ua katika nyumba hii na wamekuja kuliomba, nilipoona kivuli cha mviringo juu ya kofia yake. Niliinua macho. Turubai lilikuwa limeota kitambi. Mwanzoni kilikuwa kitambi cha heshima, cha mtu aliyekula vizuri sikukuu, kisha kikawa mimba ya miezi mitatu, kisha ya sita, na kitovu chake kilikuwa sawasawa juu ya kichwa cha mshenga. Tone moja likapenya likamwangukia begani. Akalitazama, akatabasamu kwa adabu, akasema mvua ni baraka. Watu wote wakaitikia, isipokuwa mimi, niliyekuwa naitazama mbingu isiyo na wingu huku nikiisikia ile sauti ya bomba likibubujika, sauti ambayo mwenye tangi yeyote huitambua hata usingizini.

Nilijiinua kwa utaratibu, kama mtu anayekwenda msalani, nikalizunguka turubai, nikaikamata pindo ya kanzu kwa meno na kupanda ngazi. Kasha lilikuwa usawa wa kifua changu, taa ya rilei, ile inayowaka ikihisi tangi limejaa, imezimika kama jicho la samaki wa juzi, na swichi ya pampu inaonekana waziwazi nyuma ya kifuniko chenye skrubu nne. Bisibisi ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa garini, na gari lilikuwa limezibwa na gari la washenga. Nikafunua tangi. Maji yalikuwa yamefika ukingoni mwa bomba la ziada, na fimbo fupi ilikuwa imezama, ndiyo, imezama kwa ncha ya upana wa vidole viwili, inameremeta, wala haina kasoro yoyote, na bado pampu inasukuma. Maji yameigusa fimbo, na rilei inaapa kwamba hayajafika. Kwa fundi hakuna udhalilishaji mkubwa kuliko kifaa kumkana mbele ya macho yake.

Nikachota kwa kiganja nikaonja. Yalikuwa maji matamu.

Hapo ndipo niliposhikwa na jasho. Maji ya mvua karibu hayana chumvi ya aina yoyote ya kubeba mkondo, na ncha ya vidole viwili katika maji kama hayo ina ukinzani unaopita mbali ule wa kilo-omu 5 nilioiruhusu rilei iukubali. Kwa lugha nyingine, niliiziba masikio mimi mwenyewe, kisha nikashangaa haisikii. Nikasema moyoni kwamba ikiwa maji yamekosa chumvi, basi dawa ni chumvi. Hesabu ilikuwa sahihi, naitetea mpaka leo. Kilichokosewa ni sauti. Kwa kuwa pampu ilikuwa inanguruma, nilipaza sauti kwa nguvu zangu zote kuelekea jikoni, katikati ya nukta ambayo mshenga alikuwa amenyamaza ili barua ya posa ifunguliwe: "Nileteeni chumvi! Haraka, kabla hawajaondoka!"

Nilikusudia kusema "kabla halijamwagika." Ulimi una siku zake.

Ninyi mliozaliwa pwani hamhitaji kuelezwa kwamba chumvi hutupwa kufukuza mabaya panapokuwa na shughuli na wageni. Ukimya ulioshuka pale chini ulikuwa ukimya wa watu wanaohesabu jamaa zao. Msichana mmoja wa jikoni, Mungu ambariki kwa utiifu wake, alinirushia pakiti ya nusu kilo. Nikaidaka, nikaipasua kwa meno, kanzu ikaniponyoka na kuanza kupepea, nami nikaimimina chumvi kuzizunguka zile fimbo, nikikoroga kwa mkono hadi kwenye kiwiko na kujiita majina ambayo sitayaandika hapa. Nilipogeuka, nyuso zote zilikuwa zimeelekea juu. Mshenga alikuwa akisoma A'udhu billahi. Shangazi wa mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Fundi mwenzangu alikuwa ameinua simu, na mkono wake, nawaambieni, haukutetemeka hata kidogo.

Kisha fundo moja likaachia, nalo ni fundo nililolifunga mimi. Kona ya turubai iliinama taratibu, kama mtu anayesujudu, na kile kitambi kizima kikatelemka kwa mkupuo mmoja juu ya mshenga, barua, sinia la halua na nusu ya safu ya mbele.

Na katika nukta ileile nikaisikia: tak! Taa ya rilei ikawaka kijani, kontakta ikaachia, pampu ikanyamaza. Niliinua mikono juu kwa furaha. Nakiri kwamba kwa mtazamo wa mtu aliyelowa, ishara ile haikuwa nzuri.

Furaha haikudumu, kwa sababu mara ile taa ikazimika, na mtoto wa jirani wa miaka 9 akatokea chini ya ngazi akisema, "Mjomba, nimezima kule kwenye mita." Kwa hiyo ninyi nyote mnaoniuliza kwa nini sikuzima swichi kuu ya nyumba, jibu ni kwamba sikuifikiria. Nina miaka 14 katika kazi hii.

Yaliyofuata si mengi. Barua ilikaushwa kwa pasi na posa ikakubaliwa. Chai ililetwa ikamwagwa, kwa kuwa chumvi isiyokorogeka vizuri huzama, na bomba la kupeleka maji jikoni linatokea chini ya tangi. Fimbo fupi nimeirefusha kwa sentimita 10, kofia nimeifuta, usikivu nimeupandisha hadi 50, na swichi sasa iko nje ya kasha. Baba mkwe amenisamehe. Mama mkwe haniiti tena injinia.

Linalobaki ni ugomvi wangu na fundi mwenzangu, ambaye anashikilia kwamba pampu ilizimwa na mtoto na kwamba chumvi haikufanya lolote. Mimi niliiona taa ikiwaka. Nyumba ikikatwa umeme, rilei haiwashi taa, inazima, na tak yangu ilitangulia mita kwa sekunde mbili nzima. Nimemwomba anipe video yote ili tusikilize pamoja. Anasema simu yake ilijaa kwenye sekunde ya 40.