Kozi ya Usanifu Majengo Kiangazi: Usilipie Jina la Chuo

Likizo ya kiangazi ikikaribia hapa Marekani, wazazi wenzangu kutoka Afrika Mashariki huniuliza swali lilelile: mwanangu yuko sekondari, anapenda kuchora, nimpeleke kwenye kozi za usanifu majengo za vyuo vikuu? Huwajibu ndiyo, ila si kwa sababu wanayoifikiria wao.

Wengi wanaamini mtoto akikaa wiki chache Cornell au Carnegie Mellon, basi nafasi ya kusoma huko ameshaipata. Sivyo. Kuhudhuria hakumhakikishii mtu kitu. Unacholipia ni mtoto kuijaribu kazi kabla hajajifunga nayo. Shahada ya B.Arch, yaani shahada ya kwanza ya usanifu majengo, huchukua miaka 5. Kisha zinafuata saa 3,740 za kazi chini ya usimamizi, na mtihani wa leseni wenye sehemu 6. Kijana wa miaka 16 anayefaulu hesabu na kuchora magari vizuri hajui kama ataiweza safari hiyo. Mzazi naye hajui.

Studio, yaani darasa la kubuni kwa vitendo, ndiyo inayojibu. Mwanafunzi anapewa zoezi dogo, tuseme kibanda cha kusubiria basi chenye ghorofa ya kupumzikia. Anakata kadibodi kwa kisu na rula ya chuma, kingo zinatoka zimechanika kwa sababu kisu ni butu, anaanza upya. Anachora mkato wa jengo, kana kwamba limepasuliwa kuonyesha ndani, na kugundua kwamba mtu akipanda zile ngazi atagonga kichwa darini. Siku ya mwisho anabandika michoro ukutani, na mtu asiyemjua anamuuliza, "Mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi?"

Nimeketi kwenye majopo hayo ya kukosoa kazi. Wapo wanafunzi wanaonyamaza na kukunja uso. Wapo wanaochomoa penseli na kuanza kurekebisha palepale, juu ya mchoro uliobandikwa. Hao wa pili, hata mistari yao ikiwa imepinda, ndio ninaowaona wakidumu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza: mtoto atajenga nini kwa mikono yake, na nani ataikosoa kazi hiyo? Kozi iliyojaa mihadhara, ziara na cheti, achana nayo hata kama jina lake ni kubwa kiasi gani. Ile nzuri humwachia kazi za kuweka kwenye jalada lake la kazi (portfolio), ambalo vyuo vingi huliomba.

Bei ndiyo inayoniumiza. Kozi za kulala chuoni ni maelfu ya dola, katika nchi ambayo wasanifu Weusi ni takriban asilimia 2 tu ya wenye leseni. NOMA, jumuiya iliyoanzishwa na wasanifu Weusi 12 mwaka 1971, huendesha kambi za usanifu kwa vijana ziitwazo Project Pipeline katika miji mbalimbali. Ni fupi, lakini mtoto anakaa meza moja na msanifu wa mji wake, na kwangu hilo lina uzito kuliko bweni la chuo maarufu. Kama mfuko hauruhusu, anzeni huko. Mkitaka chuo, ombeni ufadhili mapema, maana mara nyingi dirisha lake hufungwa kabla ya lile la maombi ya kawaida.

Na akirudi akasema hataki tena, msimsimange kwa pesa iliyotumika. Aulizwe ni sehemu gani iliyomchosha: kuchora, kukata au kukosolewa. Majibu hayo yatamsaidia kuchagua kati ya uhandisi, upimaji ardhi na mambo mengine kabisa, na muda wa kuomba vyuo bado anao.