Mwinda vimbunga si zimamoto

Mwaka 2025 bunge la jimbo la Oklahoma, Marekani, lilipelekewa muswada wa kuwapa leseni wawinda vimbunga, yaani watu wanaofukuza kwa gari vimbunga vya nchi kavu (tornado) ili kuvipiga picha na kutoa taarifa. Ni wale wanaofanya kazi na televisheni na vyuo vikuu, nao wangepewa pia taa za kijani za kumulika. Wapo wanaotaka zaidi: wapite taa nyekundu na kuzidisha mwendo kama gari la zimamoto. Hapo nimekasirika kweli.

Tarehe 28 Machi 2017, karibu na mji mdogo wa Spur, Texas, wawinda vimbunga wawili walipitiliza alama ya kusimama kwenye makutano, huku wakirusha picha mubashara. Wakaligonga gari la kijana mmoja, naye mwinda vimbunga. Wote watatu wakafa. Walivunja sheria, sasa tunataka sheria iseme ruksa?

Dereva wa ambulensi anamfuata mgonjwa mahali anapopajua. Amefunzwa, na hata king'ora kikilia hutakiwa kuwa mwangalifu kwenye makutano. Mwinda vimbunga jicho moja liko mawinguni, jingine kwenye rada ya simu, mvua inapiga kioo, na anakokwenda kunabadilika kila dakika. Upande wa pili wa makutano yupo mama anayewakimbiza wanawe kwenye handaki. Huyo hakuomba leseni yoyote.

Nakubali wana faida. Mwale wa rada hupanda kadiri unavyokwenda mbali na kituo, hauoni yanayotokea karibu na ardhi, kwa hiyo anayeona kwa macho kimbunga kimegusa chini anaokoa watu. Lakini taarifa hiyo hupita kwa redio na simu.

Kinachonitisha zaidi ni msafara. El Reno, Oklahoma, 31 Mei 2013, kimbunga chenye upana wa kilomita 4.2 kilimuua Tim Samaras, mtafiti aliyesifika kwa uangalifu, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Siku hiyo barabara zilijaa wawindaji, watazamaji na wakazi waliokuwa wakikimbia. Weka taa za kijani pale: kila mwenye kamera atazifuata, na kesho atanunua zake. Aliyewahi kukaa kwenye foleni Dar es Salaam anajua jinsi vimulimuli vinavyoenea kwa wasiostahili.

Wapeni mafunzo, wapeni redio, wapeni kitambulisho wakifika kwenye kizuizi cha polisi. Kwenye taa nyekundu wasimame.