Seva yangu haikujua usiku wa Ijumaa

Ami yangu ana ukumbi wa harusi hapa mjini Unguja, na kwa miaka yote amekuwa akiuendesha kwa daftari moja. Mimi nilikuwa na miezi mitatu ya kujifunza bekendi, yaani sehemu ya programu inayofanya kazi kwenye seva bila mtumiaji kuiona, kwa video, bando likiisha nanunua jingine. Nilishatengeneza duka la kuuza fulana, maana kila somo la mtandaoni ni duka la fulana. Nikamwambia, ami, lete daftari, nakutengenezea mfumo wa kompyuta wa kupokea maombi ya ukumbi.

Mwezi wa kwanza ulipita salama. Halafu Alhamisi moja baada ya magharibi nikapigiwa simu: mlango wa ukumbi umefungwa, nje kasimama bi mkubwa na masufuria ya biriani, na wanawe wamebeba mapambo. Nikafungua laptopu. Maombi yake yapo, Ijumaa, saa 20:00.

"Bi, shughuli yako kesho."

"Kesho vipi? Nilisema usiku wa Ijumaa. Jua limeshazama, leo si usiku wa Ijumaa? Kwenu hakuna mtu mzima?"

Alikuwa na haki. Kwetu usiku hutangulia mchana wake, jambo ambalo nalijua tangu chuoni kwa maalimu, lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nililisahau kabisa. Bahati ukumbi ulikuwa mtupu, ukafunguliwa.

Tangu siku hiyo sina subira na mabishano ya barazani kwamba anayeanza aanze na Django au Node.js, ambazo ni zana za kutengenezea bekendi. Django imetoka 2005, Node.js 2009, na zitakuja nyingine. Lugha ya SQL, ya kuzungumza na hifadhidata, ipo tangu miaka ya 1970 na bado ndiyo inayoshika data za watu. Anza na jedwali. Kaa na mwenye daftari, muulize kila neno aliloandika lina maana gani, kisha ndiyo uchague safu za hilo jedwali.

Saa nazo zilinitesa. Mteja akiandika saa 2 usiku, mfumo unataka 20:00. PostgreSQL, hifadhidata ninayotumia, ukichagua aina ya wakati yenye kanda ya saa, huhifadhi kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo malipo yaliyoingia saa 8 usiku yalionekana kwenye ripoti yangu kama ya jana. Ami alidhani nimemwibia. Sasa ndani nahifadhi UTC, na kugeuza nafanya pale tu mtu anapoandika au anaposoma. Skrini inasema "Alhamisi kuamkia Ijumaa" ili pasiwe na ubishi.

Kosa jingine lilikuwa la kitoto. Programu iliuliza kwanza kama siku iko wazi, ndipo ikaandika. Watu wawili wakabonyeza kwa pamoja, wote wakaambiwa iko wazi, wote wakaandikwa. Dawa haikuwa kuongeza "if" nyingine, yaani swali jingine ndani ya programu. Nilikwenda kwenye jedwali lenyewe nikaweka sharti kwamba ukumbi, tarehe na kipindi visijirudie. Wa pili akija, hifadhidata yenyewe inamkatalia. Mstari mmoja tu, na katika video zote nilizotazama sikumsikia mtu akiutaja.

(Jina la ukoo nimelifuta kwenye fomu. Mtu ana jina lake, la baba na la babu, basi.)

Wiki iliyopita kaja mteja anataka Idi mosi. Tarehe? Mwezi haujaandama. Nikaiacha safu ya tarehe iwe tupu, nikajiona fundi. Kumbe PostgreSQL, usipoiambia vingine, haihesabu nafasi mbili zilizo tupu kuwa sawa, kwa hiyo sharti langu lote halina kazi hapo: watu kumi wanaweza kuchukua Idi mosi ileile. Nimo kulitafutia njia. Ami hakunisubiri, kaandika jina la mteja kwenye daftari lake, kwa penseli.